Mafuta ya Upako Kwenye Sindano ya Mashine

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitika kwa upole. Asifiwe tena, kwa nguvu! Leo nimekuja na hasira. Nimeiombea hasira hii na haikuondoka, basi nimeileta hapa hapa, mbele zake Bwana.

Wengi mnanijua. Mimi ni Clarisse, fundi wa kushona wa mtaa huu wa Hewa Bora. Baba alifariki, mama akamfuata, nami nikaacha shule nikakalia mashine ya mama. Kwa mashine hiyo namlea mdogo wangu Bijou, ambaye bado yuko shule ya msingi. Tumebaki wawili tu. Mkubwa wetu katika ukoo ni Tantine Régine, dada yake baba, na neno lake halipingwi ovyo.

Mvua zilipoanza, Mama Kapinga alikuja na vitenge vya marehemu mama yake. Alitaka nivikate, niviunge viwe blanketi, wajukuu wajifunike nalo siku ya kumaliza kilio. Kazi hiyo ina matabaka matatu: vitenge juu, pamba katikati, kitambaa chini, na mashine inapita juu ya yote. Ili yasiteleze nilitumia gundi ya kupuliza, ile ya mkebe. Pamba ilikuwa inateleza sana, basi nikapuliza kwa karibu, nikarudia tena.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha mashine ikaanza kuruka! Inashika mshono mmoja, inaruka miwili, uzi unakatika. Nikafunga uzi upya, ukakatika. Nikalegeza, nikakaza, ukakatika.

Tantine alikuwa ameketi pale akiangalia. Akasema, "Clarisse, mashine iko inakataa."

"Inakataa nini, tantine?"

"Inakataa nguo za marehemu. Mu hii nyumba muko muntu anakula kazi yako. Angalia huyu mutoto, anakaa kimya, anaangalia tu. Baba alikufa, mama alikufa, nani alibakia? Yeye!"

"Hata miye nilibakia."

"Weye uko mukubwa."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yote! Na hakuisema ndani tu. Aliisema bombani, mbele ya akina mama waliokuja kuchota maji, kwamba Bijou ni mulozi, mchawi. Siku iliyofuata watoto wa jirani waliitwa nyumbani kila Bijou alipotoka nje. Darasani alikaa benchi peke yake. Na wengine walioita watoto wao wako hapa leo, nawaona.

Kisha tantine akamleta mwombezi kutoka chumba chao cha maombi. Mwombezi akaamuru mlango na madirisha vifungwe, ili jicho baya lisione nguo za marehemu. Akafungua chupa ya mafuta ya upako. Akaipaka mashine! Akapaka gurudumu, akapaka uzi, akapaka sindano! Akakemea hadi jasho likamtoka, akaniambia, "Sasa shona."

Nikashona. Mashine ikaruka vibaya kuliko mwanzo, na doa la mafuta likatokea katikati ya kitenge cha marehemu.

"Mumeona?" akasema. "Iko na nguvu. Tutamupeleka mutoto kwetu, afunge, asikule, asikunywe, mpaka aungame."

Tantine akasema atakuja kumchukua Jumapili baada ya misa. Nilimwambia hachukui mtu. Akacheka, akasema, "Mashine ikikubali, mutoto abakie. Ikikataa, familia itakuja yote, tuone kama utafunga mulango."

Walipoondoka, Bijou alishika sketi yangu. Akauliza, "Yaya, dada yangu, niko mulozi?"

Ndugu zangu, mtoto aniulize mimi neno hilo! Nilimwambia, "Uko Bijou. Kaa hapa, weka mukono juu ya mashine, usiutoe." Nikafuta mafuta yote, nikaweka uzi mpya, nikachukua kipande cha sare ya shule. Nikasali kwa sauti: Bwana, nionyeshe.

Nikashona. Mishono ikatoka mizuri, imepangana kama shanga, na mkono wa Bijou uko pale pale! Nikaweka blanketi, ikaruka. Nikarudisha sare, ikaruka kidogo kisha ikatulia. Basi mashine haikumkataa mtoto. Ilikataa blanketi.

Nikarudisha blanketi, ikaruka tena, nikaitoa sindano. Imejaa gundi nyeusi, inanata kama mulenda! Nikalishika blanketi ndani: bichi! Nilikuwa nimepuliza gundi nyingi mno, kisha kwa sala zao wakaufunga mlango wakati wa mvua, hata upepo usiingie. Ingekaukaje?

Tulifungua madirisha yote. Jua lilipotoka tukalianika blanketi. Sindano ya zamani niliitupa, nikasafisha mashine chini kwa alkoli ya famasi, nikaweka sindano mpya iliyo nene zaidi. Kitenge chenye doa nilikibadilisha kwa kingine cha marehemu yule yule. Kila mwisho wa mstari niliifuta sindano. Blanketi likaisha kabla ya Jumapili! Ufunuo wangu haukuja kwa ndoto. Bwana alinifungua macho mchana, sindano iko mkononi.

Tantine alikuja na familia. Nikashona mbele yao. Mnajua alisema nini? Alipiga makofi! "Mumeona? Upako umeitika!"

Nikamwuliza, "Basi Bijou si mulozi?"

"Amefunguliwa," akasema.

Amefunguliwa kutoka wapi? Nani alimfunga? Siwezi kushukuru kwa deni lisilokuwepo. Bijou hakufunguliwa uchawi, maana hakuwa nao hata kidogo. Tulichookolewa kutoka kwacho, sisi wawili, ni uongo, na Bwana ndiye aliyetuokoa!

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtumainini huyu Bwana ambaye haogopi dirisha lililo wazi. Kitu kikiharibika nyumbani kwenu, kiangalieni kwanza kwa macho aliyowapa, kabla hamjamwangalia mtoto. Tantine, nakuona pale nyuma, na nakuheshimu bado. Lakini jina baya lilitolewa bombani, mbele ya watu, na mbele ya watu litaondolewa.

Bijou, simama. Usiinamishe kichwa, mdogo wangu. Na ninyi akina mama mlioita watoto wenu, sisubiri makofi. Waambieni watoto wasogee, wakae naye benchi moja. Sasa hivi. Nami nitakaa chini wakishakaa.