Mfalme Aliyekabidhi Zamu

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu aliye hai. Itikieni kwa sauti hapo mlipo, kwa sababu nikiacha nafasi kidogo tu nitaanza kujiuliza kama salamu hii imetosha, na ushuhuda wenyewe hautaanza.

Naitwa Mwende. Nilizaliwa Machakos, nikasomea kompyuta chuo kikuu, na sasa nafanya kazi katika ofisi moja hapa Doha. Ninawasaidia watu ambao mashine zao zimekwama. Mara nyingi nawaambia wazime, kisha wawashe tena. Kichwa changu hakina kitufe hicho.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Sisemi kuwaza kwa hekima, nasema kuwaza kwa kuzunguka. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu, nakaa kutwa nikijiuliza kama ni sawa ya furaha au sawa ya hasira. Wenzangu wa ofisini wakinialika chakula kwenye mgahawa kule The Pearl, natafuta mapema kwenye mtandao kinachopikwa huko, nachagua, naghairi, nachagua tena, halafu tukifika naagiza alichoagiza jirani yangu. Siku ya mahafali nilikaa nimevaa joho nikiwaza kwamba huenda chuo kimekosea jina, na kwamba Mwende wa kweli yuko mahali fulani analia. Ndugu zangu, mnacheka, lakini hofu ile ilikuwa imenifunga. Nilikuwa napumua kwa ruhusa yake.

Hapa Doha siku yetu ya ibada ni Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Ukumbi tunaoutumia si wetu peke yetu. Kila kundi lina saa yake. Wafilipino wakitoka sisi tunaingia, na sisi kabla hatujamaliza kukunja nyaya, ndugu zetu Wahindi wako mlangoni na vinanda vyao. Kundi likilegea, likikosa mtu wa kusimama mbele na kujibu wasimamizi, saa yake hupewa wengine, maana wanaoingoja ni wengi.

Nataka mwelewe saa hiyo ni kitu gani. Kuna askari wa malangoni wanaofika na sare chini ya koti, wakitoka ibadani wanaenda moja kwa moja kazini. Kuna Dada Nakato, Mganda, mfanyakazi wa nyumbani kule Al Wukair. Yeye huruhusiwa kutoka Ijumaa kwa ajili ya ibada tu. Wiki nzima hana mtu wa kuongea naye lugha anayoijua vizuri. Saa hiyo ikipotea, Nakato hana pengine pa kwenda.

Aliyeianzisha ibada hii ni Mama Wanjala, muuguzi kutoka Bungoma. Alianza na watu wachache sebuleni kwake mtaa wa Najma, viatu vikajaa mlangoni mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Alisimamia kila kitu. Alifundisha, aliombea wagonjwa, aligombana na wasimamizi wa ukumbi na kupatana nao siku hiyohiyo. Kisha akaambiwa kazini kwamba mkataba wake hautaongezwa.

Aliniita kunywa chai ya karak karibu na kwake.

"Mwende, mimi naenda nyumbani. Ibada utaishika wewe."

"Mama, mimi?"

"Kuna Mwende mwingine hapa?"

"Mama, nikisimama mbele ya watu sauti yangu inapotea."

"Najua. Nimekuona."

"Sasa?"

"Sasa kunywa chai, inapoa. Ijumaa ya kwanza nikiwa sipo utafundisha habari za Mfalme Daudi, vile alivyojiandaa kumwachia Sulemani. Uisome yote, mwanangu. Usiruke."

Ndugu zangu, niliisoma. Niliisoma ofisini, niliisoma kwenye treni, niliisoma nikingoja wali uive. Mfalme yule alikuwa ametawala miaka mingi, ameshinda vita, ameunganisha makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa macho mabaya. Alitamani jambo moja la mwisho, kumjengea Mungu nyumba. Mungu akamwambia hapana, umemwaga damu nyingi vitani, mwanao ndiye atakayejenga. Mimi ningekaa chini na kuwaza neno hilo "hapana" mpaka kifo. Daudi hakukaa. Alianza kukusanya! Mawe yakachongwa. Mierezi ikaletwa kutoka pwani kwa Watiro na Wasidoni. Dhahabu, fedha, shaba isiyopimika. Akakumbuka hata chuma cha misumari ya milango. Mfalme, mzee, anafikiria misumari ya nyumba ambayo hataingia. Akawapanga waimbaji kwa zamu na mabawabu kwa zamu. Akampa kijana ramani ya kila chumba.

Mngetarajia nifurahi. Wapi. Mimi niliona jambo moja tu, kwamba Sulemani alikuwa bado kijana, mchanga, na kazi ilikuwa kubwa. Nikamwonea huruma kama ndugu yangu wa kuzaliwa. Nikajiuliza alilalaje. Nikajiuliza kama aliwahi kutamani yule kaka yake Adoniya, aliyejifanyia karamu na kujiita mfalme, aachiwe tu hicho kiti amalizane nacho.

Ndiyo, nami nilikuwa na Adoniya wangu. Ndugu Otieno ni msimamizi wa askari, ana sauti ya kutikisa madirisha, na ndiye anayesimama mlangoni kwetu kila Ijumaa kupokea watu. Nilimfuata.

"Ndugu Otieno, wewe ndiye unayefaa. Una sauti."

"Sauti ninayo," akasema. "Kichwa cha kufundisha ndicho sina. Mimi nikipewa maikrofoni nitahesabu watu na kuwauliza vitambulisho."

"Mimi nitaharibu, ndugu yangu."

"Haribu basi, tuone. Sisi tutakuwa hapo."

Niliandika ujumbe wa kumkatalia Mama Wanjala. Niliufuta. Niliuandika tena kwa heshima zaidi, nikaufuta kwa sababu heshima ilizidi ikawa kama kejeli. Nilipopata maneno niliyoona yanafaa, Mama alikuwa ameshapita ukaguzi wa uwanja wa ndege, akitupungia mkono na kutuambia tule vizuri.

Ijumaa ikafika. Wafilipino wakatoka wakitusalimia, sisi tukaingia. Ukumbi ulijaa, maana watu walitaka kuona kama ibada itasimama bila Mama. Msimamizi wa ukumbi naye alikuja akakaa nyuma kabisa, jambo ambalo hakuwa akifanya. Nilielewa kwa nini. Kama tungeonekana hatuna mtu, saa yetu ingekwenda.

Nilisimama. Nikasema, "Mfalme Daudi." Kisha kikaja kimya.

Sijui niwaelezeje kimya kile. Nilikuwa nimeandika somo zima, na maandishi yakageuka michoro. Niliona nyuso zote zikiningoja, nikaona msimamizi akitazama saa yake, nikamwona Nakato kiti cha mbele, naye ndiye angepoteza kuliko wote. Nikawaza kutoka mbio. Nikatazama mlango, na Otieno amesimama pale, mpana kama mlango wenyewe. Nikaomba ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Nilisema, Bwana, nichukue au nisaidie, chagua moja.

Ndipo Nakato akaanza kuimba.

Hakunitazama. Hakusimama kwanza kuomba ruhusa. Alianzisha wimbo wa sifa tunaoupenda wote, kwa sauti yake ile nyembamba isiyotetemeka, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza ukumbi mzima ukawa umesimama. Askari wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja kama wako gwaride. Otieno akauacha mlango, akaja mbele na chupa ya maji, akaniinamia.

"Kunywa polepole," akaninong'oneza. "Wimbo una beti nyingi, na huyo Nakato hana haraka."

Nilikunywa. Nikahisi maji yakishuka na pumzi ikirudi. Wimbo ulipoisha watu wakakaa, na Nakato akaniambia kwa utulivu, kama tuko jikoni, "Haya Dada, Daudi alifanyaje?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka! Ndugu zangu, nikafundisha! Nilifundisha misumari, nilifundisha mierezi, nilifundisha zamu za waimbaji, mpaka Wahindi wakaanza kuchungulia mlangoni na ikabidi Otieno anionyeshe ishara ya kufunga. Msimamizi alinipa mkono wakati wa kutoka akasema tuonane wiki ijayo, saa ileile.

Nje, kivulini, nilimshika Nakato.

"Ulijuaje kwamba nimekwama?"

"Mama aliniambia."

"Mama yupi?"

"Mama Wanjala, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa lugha yao. "Alisema, Mwende atanyamaza. Akinyamaza usimtazame, usimhurumie, wewe imba. Alisema utanyamaza mara ya kwanza, labda na ya pili."

"Mimi nilipewa kazi ya maji," akasema Otieno. "Na nikaambiwa ukikimbia nisikuzuie. Nikufuate tu nikuulize utarudi lini."

Nilimpigia Mama simu palepale. Sikujua kama nimekasirika au nataka kulia.

"Mama, umetangaza habari zangu kwa watu."

"Kwa watu wako, ndiyo," akasema. "Mwanangu, muuguzi akimaliza zamu hatoki wodini hivihivi. Anakabidhi. Anamwambia anayeingia, huyu ana hiki, huyu usimpe kile, yule akiamka atashtuka, mshike mkono. Ulidhani nimekukabidhi ibada tu. Na wewe nilikukabidhi kwao. Kwani hukusoma? Nilikwambia usiruke."

Nilirudi kwenye Maandiko, ndugu zangu, na neno hilo lilikuwepo! Macho yangu yalikuwa yamelipita kila mara, kwa haraka ya kutafuta mzigo wa Sulemani. Baada ya Daudi kumtia mwanawe moyo aliwageukia wakuu wote wa Israeli na kuwaagiza wamsaidie. Aliwaambia wazi mbele ya watu wote kwamba huyu ni kijana na bado mchanga. Udhaifu wa Sulemani haukuwa siri aliyopaswa kuifunika. Baba yake aliutaja, akauwekea watu, kama alivyoiwekea milango misumari.

Hapo ndipo nilipofunguliwa. Miaka yote niliamini kwamba Mungu ataniita siku nitakapoacha kuogopa. Kumbe aliponiita alikuwa ameshaiona hofu yangu, ameipangia wimbo na chupa ya maji. Nilikuwa naogopa kuanguka mahali ambapo mikono ilikuwa imeshanyooshwa. Nani kama Mungu wetu?

Nimshukuru Bwana Yesu, aliyeondoka akatuachia Roho wake na ndugu zetu, hakutuacha yatima. Nimshukuru Mama Wanjala, ambaye sasa yuko Bungoma na anasema nyumbani kuna baridi. Nimshukuru Ndugu Otieno na Dada Nakato. Sidanganyi kwamba nimeacha kuwaza. Juzi niliwaza kwa muda mrefu kama niwaandikie ushuhuda huu, halafu nikaandika huku nikiwaza. Kuwaza kupo, lakini hakunipi amri tena. Na saa yetu bado ni yetu.

Wapendwa, sisi wa huku tunaishi kwa mkataba. Hakuna anayekaa. Daudi mwenyewe, pamoja na ufalme wake wote, alikiri mbele za Mungu kwamba sisi ni wageni na wapitaji duniani. Kwa hiyo nami nimeanza kumfundisha Nakato kusoma somo mbele ya watu. Yeye haogopi kuimba, lakini kusoma kwa sauti kunamtetemesha, na nimeshawaambia wanaohusika.

Wewe unayesoma haya na umeitwa kwenye jambo linalokuzidi, iwe kanisani, iwe nyumbani, usingoje uwe jasiri kwanza. Mwamini Yeye aliyekuita. Anakujua ulivyo na ameshaongea na watu. Na kama uko Doha na Ijumaa huna pa kwenda, njoo kwetu. Utampata Otieno mlangoni, atakutafutia kiti. Ukiniona nimenyamaza katikati ya somo, usihofu wala usinitazame. Wewe imba.