Kiuno cha Futi

Birika ni langu, benchi ni la fundi cherehani, maneno ni ya kila apitaye. Fundi aliweka lile benchi wateja wakae. Limekaliwa na mabingwa wawili. Mmoja ni kinyozi wa mlango wa pili, tunamwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kumzimia. Mwingine ni Mstaafu, karani wa zamani ambaye kustaafu kwake hakujampumzisha mtu yeyote. Asubuhi hiyo nilimmiminia fundi kahawa, hakuigusa. Alikuwa amempakata paka wake, Futi, na kumzungushia tumboni ile futi ya kupimia nguo aliyozoea kuilalia tangu mdogo, hata akapewa jina lake.

— Inchi kumi na mbili! Jumatatu alikuwa na kumi na tatu na nusu. Nimeandika.

Kweli kaandika. Kwenye daftari la vipimo, kati ya suruali ya mwalimu na gauni la bibi harusi: Futi, kiuno, urefu, mkia.

— Leo siku ya pili hali kitu, fundi akasema. Akilamba maziwa, anatapika.

— Mapenzi hayo, akasema Redio.

— Mapenzi na nani? Mtaa mzima hauna dume!

— Ndiyo maana sasa!

Mstaafu akakohoa kikarani.

— Acheni utoto. Huyu kachoka. Miaka sita yuko dukani tangu asubuhi mpaka jioni, hajapata likizo. Mwandikie barua, fundi. Likizo bila barua haipumzishi.

— Barua asome nani? Tatizo sharubu, akasema Redio. Zinagusa bakuli, zinamkera. Mlete nimpunguze.

— Ziguse uone kama zako zitabaki! fundi akasema.

Mimi nikasema apelekwe kwa daktari wa mifugo. Nikaambiwa nimimine kahawa. Haya, nikamimina.

— Nimeipata! Redio akaruka. Fundi, unampima kila Jumatatu, si ndiyo? Miaka sita! Wewe ungepimwa miaka sita usiletewe hata kaptura, ungekula? Huyu kagoma. Anadai suti yake!

— Na mkia umeandikwa, Mstaafu akadakia. Maana yake suti ina tundu la nyuma. Ameshaijua mpaka mshono!

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi hakucheka.

— Chekeni tu. Mama watoto alipofariki, huyu ndiye aliyebaki wa kuniitikia nikifungua mlango. Nampenda, jamani. Na huyu akiondoka, nitamsalimia nani?

Redio akainamia viatu vyake. Hata mimi niliona haya kwa kile kicheko changu.

Hapo akaingia mama mmoja kufuata gauni lake jekundu.

— Samahani, mama, fundi akasema. Pindo moja bado. Nilibakiza kipande cha uzi wake hapa mezani juzi, kugeuka, siuoni.

— Meza hii anayolala paka?

— Hii hii.

— Sasa huo uzi ulikwenda wapi?

Mstaafu akachungulia kikombe chake kama vile jibu limezama humo. Mama akamshika Futi taratibu, akampanua kinywa. Chini ya ulimi, kitu chembamba, chekundu.

Redio akanyoosha vidole.

— Usivute! Mama akampiga kofi mkononi. Utamkata matumbo! Kwa daktari, sasa hivi!

Fundi alitoka mbio bila kiatu kimoja, paka kamviringisha ndani ya lile gauni, mama nyuma yake akipiga kelele kwamba amshike vizuri, gauni litafuliwa. Mabingwa wangu walibaki kulinda duka. Siku hiyo niliuza kahawa kwa watu wasiosema neno. Sijawahi kuona biashara ya kusikitisha kama ile.

Jumatatu iliyofuata nilichungulia daftari. Futi, kiuno, inchi kumi na mbili na nusu. Chini yake, kwa mkono uleule: Uzi mwekundu umepatikana.

Na mezani palikuwa na kopo la biskuti, lenye kifuniko kigumu, la kuwekea vipande vya nyuzi. Aliyelileta hakujitaja. Ila ndani lilikuwa bado na nywele mbili tatu za watu, na Redio asubuhi nzima alikuwa kimya.