Mama Picha na Kanuni ya Kiganja

Marehemu, tuliyezoea kumwita Mama Picha, alikuwa na kanuni moja kazini: hakusafisha picha ya mtu ikazidi kiganja cha mkono. "Ya kiganjani utaisogeza usoni umtafute mtu mpaka umwone," aliwaambia wateja. "Ya ukutani utaipita ukienda kuoga."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama fundi cherehani. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea upigaji picha chuo cha ufundi. Mkufunzi wake alilisifu jicho lake, akaukaripia ubishi wake.

Mwaka 1983 alifungua studio nyuma ya duka la vitambaa: stuli moja, pazia la buluu, na chumba cha giza cha kusafishia picha, kisichozidi kabati. Alitengeneza albamu za kutia mfukoni. Wawili waliotaka kuitazama moja ilibidi wagusane mabega, na wapo maharusi walioifuata yao wakiwa wamenuniana, wakaondoka wamepatana.

Mwaka 1986 aliolewa na seremala wa fremu. "Mke wangu ataniua njaa," mumewe alitania. "Mimi nachonga fremu, yeye ananiletea stempu!" Walijaliwa mabinti wawili.

Mama yake mzazi alifariki mwaka 2009. Dada aliomba picha ya mwisho ya mama isafishwe kubwa, aitundike sebuleni. Mama Picha akakataa.

"Mama si tangazo la sabuni."

"Wala si wako peke yako," dada akajibu, akatoka. Hakurudi.

Hatusemi uongo mbele ya jeneza: hapo alikosea. Kanuni ya kazi aliifanya sheria juu ya huzuni ya mwenzake.

Mwaka 2018 kisukari kilimpunguzia nuru ya macho. Picha za kiganjani zikawa ukungu mtupu. Akamwagiza mumewe akasafishe ile ya mama, kubwa kama mlango wa kabati, kisha amwite dada. Dada alipoingia wodini aliikuta imeegemezwa miguuni pa kitanda.

"Nani kaikubali hii?"

"Mimi. Njoo, dada, nisomee. Mimi naona umbo tu."

Dada akatazama, akaangua kicheko. "Mama kavaa kandambili zako zenye ua!"

"Zile nilizokusingizia umeziiba?"

"Hizo hizo, mshenzi wewe!"

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Tangu hapo aliwaagiza mabinti zake, walioishika studio, wamuulize kila mteja kwanza: itashikwa au itatundikwa? Ndivyo studio inavyofanya mpaka leo, na picha za aina zote mbili zinatoka vizuri.

Alifariki nyumbani tarehe 6 Februari 2024, dada yake akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, dada, mabinti wawili na wajukuu watano. Mungu ampe pumziko jema.

Kanuni yake ilimpa heshima kazini. Ilimgharimu miaka tisa bila dada yake, na hiyo hakurudishiwa.