Mwongeli Mwau na Wapiga Kura Waliokuwa Wameshaamua

Baada ya miaka ishirini na saba ya kubisha milango ya watu, Bi. Mwongeli Mwau anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025. Alijiunga na ofisi yetu ya utafiti wa maoni hapa Thika mwezi wa Mei 1998 akiwa karani wa kukusanya maoni, na anaondoka akiwa karani wa kukusanya maoni. Haikupaswa kuwa hivyo. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu aliyemzuia kupanda ngazi ni mimi ninayeandika wasifu huu.

Lakini kwanza tumsifu, maana sifa zake hazihitaji kutafutwa kwa tochi. Mama Kavindu, kama tunavyomwita kwa jina la bintiye, aligundua mapema kwamba wakulima wa Ngoliba hawapendi kuulizwa mambo ya siasa wakiwa wamesimama. Basi akifika kwenye boma huketi, huvuta ungo na kupukuchua ndengu pamoja na mwenye nyumba. Kufikia swali la kumi, jirani aliyekuja kusikiliza huwa amechoka na kwenda zake, na hapo ndipo Mama Kavindu huuliza swali la kura. Lengo letu lilikuwa fomu ishirini kwa siku. Yeye alirudi na kumi na mbili, pamoja na ndengu za kupika. Wakubwa walinung'unika, kisha wakaomba ndengu.

Kule Mwiki, upande wa Ruiru, alikutana na mke aliyemjibia mumewe kila swali huku mume akitikisa kichwa kukubali. Mama Kavindu aliandika yote kwa adabu, akaomba maji ya kunywa. Mama mwenye nyumba alipokwenda kuyaleta, mume alimnong'oneza majibu yake mwenyewe, na hakuna hata moja lililofanana na la mkewe. Zikajazwa fomu mbili. Mpaka leo hajatuambia ni nyumba gani.

Mimi, Naliaka, niliajiriwa mwishoni mwa 2012, nikitokea Bungoma na mtoto mchanga mgongoni, na Mama Kavindu ndiye aliyenifundisha kazi. Fomu zetu zilikuwa za Kiingereza. Kwenye swali la kura palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "undecided", yaani mtu ambaye bado hajaamua atampigia nani. Makarani wengi tulikipenda. Mtu akinyamaza, tiki. Akisema kura ni siri, tiki. Mama Kavindu hakukubali. Alinifundisha kwamba anayeogopa ameshaamua, ila keateka wa ploti, yule msimamizi wa nyumba za kupanga, amesimama hapo. Anayekataa kujibu naye amekataa, na ana kisanduku chake. Hicho kingine ni cha yule tu aliyetamka kwa kinywa chake kwamba hajaamua. Alisema usimwekee mtu maneno mdomoni, hata maneno ya kwamba hana neno.

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa 2013 tuligawiwa mtaa wa Kiandutu hapa Thika, yeye upande wa juu na mimi upande wa chini. Siku ya tatu keateka mmoja alinifuata mlango hadi mlango, na watu wakakataa kufungua. Niliingia kwenye kibanda cha chai, nikaagiza mandazi mawili, nikatoa kalamu. Nilibuni umri, nikabuni kazi, nikabuni idadi ya watoto. Nilipofika kwenye swali la kura nilitia tiki kwenye "undecided" fomu baada ya fomu. Nilijiambia kuwa ni jibu lisilomdhuru mtu, kwa kuwa halimpi yeyote kura wala halimnyimi yeyote. Chai haikuwa imepoa nilipomaliza fomu ya kwanza, na sikuona haya. Haya ilikuja baadaye, na bado ninayo.

Ripoti ilitoka ikisema karibu nusu ya watu wa upande wa chini hawajaamua. Kwa siku nyingi magari ya vipaza sauti yalifurika kule kuwabembeleza watu ambao nilikuwa nimewatunga kibandani. Upande wa juu, Mama Kavindu alikuwa amepata wanne tu ambao hawajaamua. Meneja wetu wa wakati huo, Bw. Ndambuki, akatuita sote wawili kwenye kikao kueleza tofauti hiyo.

Nilisema kwamba Mama Kavindu huwashinikiza watu hadi wajibu. Nilisema hivyo akiwa ameketi kando yangu. Yeye alipoulizwa kama fomu zangu zina kasoro, alijibu kwamba hilo aulizwe aliyezijaza. Nikaulizwa. Nikasema ziko sawa. Bw. Ndambuki akaandika kwenye faili ya Mama Kavindu, kwa Kiingereza, kwamba mfanyakazi huyu ni "undecided", mtu asiyeweza kufikia uamuzi, hafai kusimamia wenzake. Nafasi ya msimamizi aliyoingojea miaka kumi na mitano nilipewa mimi mwezi wa Julai.

Jioni ya kikao kile alinikuta kwenye geti. "Jana nilienda huko chini, Naliaka," alisema. "Watu wanasema hawajawahi kukuona. Mimi sitasema, uko na mtoto mdogo na kazi ni ngumu kupata. Lakini wewe utasema. Nitangoja."

Alingoja miaka kumi na miwili. Katika miaka hiyo nilitia sahihi tathmini yake kila Desemba, nami nikijua. Aliwafundisha makarani wangu wapya na kunisalimu kila asubuhi kwa habari ya watoto. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Faili ya mstaafu hufungwa siku anayoondoka, na kilichomo hubaki hivyo. Jumanne nilikwenda kwa mkurugenzi wetu, Bw. Wambua, nikamwambia yote. Ukurasa ule umeondolewa na maelezo yangu yamewekwa mahali pake. Alinishauri nisiyaandike haya kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga, ambamo wasifu huu huchapishwa. Nilimjibu kwamba nilimchafua Mama Kavindu mbele ya watu, siwezi kumsafisha ofisini mlango ukiwa umefungwa. Yatakayonipata mimi ni habari ya Jumatatu.

Desturi yetu ni kwamba mstaafu husoma wasifu wake kabla haujachapishwa, asahihishe tarehe. Mama Kavindu alivaa miwani, akasoma polepole. Alisahihisha jambo moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba fomu za uongo zilikuwa kama thelathini. Alikata, akaandika arobaini na moja. Alikuwa amezunguka nyumba zote.

Nilimwomba msamaha. Alikunja karatasi, akanirudishia.

"Bado sijaamua," alisema.

Nimeliandika jibu hilo kama alivyolitoa, kwa kinywa chake. Mama Kavindu, ofisi nzima inakushukuru kwa kila mlango uliobisha. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwenye shamba lako huko Ngoliba na mavuno mema. Na uamuzi huo, usiuharakishe kwa ajili yangu.