Doña Delmira na Kisahani cha Nundu Tatu

Ifikapo tarehe 30 Aprili, Doña Delmira Giacosa atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita katika karakana yetu hapa Rafaela, na siku hiyohiyo atavua aproni na kwenda nyumbani. Alikuja akiwa binti wa miaka ishirini na minne, mchoraji wa michoro ya mitambo. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa kamshafti, ile fimbo inayofungua vali za injini, na mtu mwenye wasiwasi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Nasema hivyo kwa heshima.

Mwenye injini ya kawaida hununua kamshafti dukani. Kwetu huja yule ambaye injini yake haina ndugu: mwenye pampu ambayo pistoni zake mbili zinatazamana, mvumbuzi wa Sunchales aliyetaka injini ya mapigo sita badala ya manne, na marubani wa ndege kuukuu za kunyunyizia dawa, zenye injini za silinda saba zilizopangwa duara kama miale ya jua. Katika injini hizo za duara kamshafti si fimbo. Ni kisahani chenye nundu ukingoni, na kila nundu inapopita husukuma vali ikafunguka. Kuamua umbo la nundu hizo, kisha kuzisaga mpaka ziteleze kama kioo, ndiyo imekuwa kazi ya Doña Delmira.

Kisahani chake cha kwanza alikichora kizunguke upande mmoja na krenki, mhimili mkuu wa injini, wakati injini ile ilitaka kizunguke kinyume. Ilipowashwa ilipiga chafya ya moto na kuunguza nyusi za Don Aldino Beltramo, mwenye karakana.

“Nyusi tu hizi, binti, zitaota,” Don Aldino alisema huku watu wakivunjika mbavu.

Delmira hakucheka. “Na kama ingekuwa angani?”

Toka siku hiyo akawa mtu wa kurudi kutoka getini kuangalia tena alichokwisha kukiangalia. Tulimtania sana: “Doña Delmira, mashine umezima? Gesi umefunga? Na mto Salado, umeufunga usifurike?” Alikuwa akitujibu, “Chekeni tu,” na kuendelea kukagua.

Lakini ninachotaka kikumbukwe ni kile kilichotokea msimu mmoja wa pamba.

Rubani Evelio Zanutti wa Tostado alikuwa ametuagiza kisahani cha nundu tatu. Tulichonga viwili kutoka chuma kimoja, tukavikaza kwa moto pamoja. Kimoja kikaenda kwake, na pacha wake akabaki rafuni kama akiba. Siku chache baadaye Doña Delmira alimchukua yule pacha na kumpaka dawa nyekundu ya kufichulia nyufa. Nilimwona akiinama, akainama tena, kisha akamweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Chini ya nundu ya pili palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

Alikwenda moja kwa moja kwa Don Aldino. “Isimamishe ndege ya Zanutti.”

“Nimwambie nini? Kwamba tumempa kisahani kibovu?”

“Mwambie hatujui.”

Don Aldino alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya. Doña Delmira akawa tayari anavaa koti. “Nevio, lete gari,” akaniambia. “Nitapiga simu njiani.”

Barabara ya kwenda Tostado sijawahi kuiona ndefu vile. Nilimpa chai chungu ya yerba niliyoibeba kwenye chupa, imchangamshe, hakuigusa. Kila tulipopita kijiji alipiga simu. “Nundu ikimeguka,” alisema mara moja tu, akitazama dirishani, “kipande kinaingia kwenye gia. Hapo injini haizimiki polepole.” Nikaongeza mwendo.

Kwenye kiwanja cha Zanutti tulimkuta mkewe, Ercilia, anachanganya dawa ya viwavi kwenye pipa.

“Yuko juu,” alisema. “Redio imeharibika. Dawa ikimwishia atashuka. Kwani kuna nini?”

Doña Delmira hakuzunguka. “Mimi ndiye niliyechonga kile kisahani cha injini. Pacha wake ana ufa. Chake sijui.”

Ercilia aliachia ndoo. Wanawake wale wawili ambao hawakuwahi kuonana wakashikana mikono. Ndege ilipita chini juu ya pamba, ikapanda, ikapotelea nyuma ya mikalitusi, na mlio nao ukapotea. Tulisikia upepo tu. “Mama yangu,” Ercilia alinong’ona, “mama yangu.” Kisha mlio ukarudi, na ndege ikageuka kutua. Sikuvuta pumzi mpaka magurudumu yalipogusa nyasi.

Zanutti hakutaka hata kuzima injini. “Wenye pamba wananisubiri! Viwavi hawasubiri!”

“Huruki,” Doña Delmira alimwambia, amesimama mbele ya bawa.

“Wewe nani wa kunizuia?”

“Mimi ndiye nisiyejua kama kisahani chako ni kizima. Mradi sijui, huruki.”

“Zima, Evelio!” mkewe alipiga kelele, na mzee akazima.

Tulifungua injini palepale. Kisahani kikaoshwa, kikapakwa dawa nyekundu, kikafutwa, kikatazamwa nundu kwa nundu. Kilikuwa safi. Akapaka upya. Safi.

“Kwa hiyo umenisimamishia kazi kwa ufa ambao haupo,” Zanutti alisema.

“Ndiyo.”

“Na kesho ungefanya vilevile?”

“Ningefanya. Ila ningewahi zaidi.”

Mpaka tulipoifunga tena injini, viwavi walikuwa wamekula kipande kizuri cha pamba, na mwenye shamba akamwita rubani mwingine. Zanutti hakutusemesha msimu mzima. Njiani kurudi Doña Delmira aliomba nisimamishe gari, akashuka, akalia kando ya barabara. Nilidhani ni aibu. “Aibu ya nini, Nevio?” alisema akijifuta. “Yuko hai.”

Don Aldino alitungoja getini. “Kilikuwa na ufa?”

“Hakikuwa nao.”

Alitufungulia geti, tukaingiza gari. Mwishowe akasema, “Kuanzia leo hakitoki kitu hapa bila dawa nyekundu.”

Mwaka uliofuata dawa hiyo ilifichua ufa kwenye kisahani cha rubani mmoja wa Vera, ambacho Doña Delmira alikitoa tena kwenye sanduku ili akikague. Tulichonga kingine. Rubani yule alikuja kukichukua akinung’unika kwamba tumemchelewesha, na Doña Delmira akamwomba radhi kwa kuchelewa. Rubani yule hajui mpaka leo kwa nini tulichelewa.

Juzi nilimuuliza, maana mashine yake ninairithi mimi na usingizi umeshaanza kunipaa: nitajuaje kwamba nimekagua vya kutosha?

“Hutajua,” alinijibu. “Kagua tena, halafu wape wenye injini.”

Doña Delmira, asante kwa kila injini uliyoipa pumzi, na kwa watu walioshuka salama bila kujua jina lako. Umeogopa kwa niaba yetu muda mrefu. Sasa tuachie, ni zamu yetu. Nenda nyumbani, na moyo wako utue.