Bi Zabibu na Mwavuli wa Kuanikia Nguo

Kwanza nijitaje mwenyewe, maana bila mimi jarida hili la wafanyakazi halina ladha. Katika kambi hii ya watalii jangwani hakuna mwenye bahati kama mie Hamed. Mwaka mzima nimeishi Australia, hata mbwa wao walinijua kwa jina. Leo lakini zamu ya kusifiwa ni ya Bi Zabibu binti Mudrick, mfuaji wetu, anayestaafu tarehe 30 Aprili baada ya miaka ishirini na nane ya kupigana na mchanga wa Al Mintirib kwa sabuni na pasi.

Alikuja kutoka Unguja na sanduku moja. Aliwahi kumrudisha mgeni mlangoni kwa sababu ya shati lililokunjamana, na mgeni ndiye aliyeomba radhi.

Kiingereza hasomi, lakini kuna mgeni aliyemwachia rundo la magazeti ya kina mama wa Australia ya miaka ya sabini, akawa anatazama picha pasi ikipata moto. Kwa picha hizo alimtengenezesha mchomeleaji kianikio cha nguo cha Kiaustralia, kinachozunguka: mlingoti mmoja, mikono minne ya chuma, kamba zimezunguka kama mwavuli uliokosa kitambaa. Upepo ukivuma, shuka zetu zinacheza ngoma.

Msimu uliopita walikuja Waaustralia ishirini, watu wazima, wakataka alasiri moja kama ya utotoni mwao, miaka hiyo hiyo ya sabini. Mudiri, yaani meneja wetu, Bwana Yaqoob, akanikabidhi kazi hiyo mie mjuzi. Wageni wakinuna, akasema, mie nitarudishwa kwenye kazi yangu ya zamani ya kuosha magari. Nikampamba ngamia kwa maputo. Nikachora kangaruu, akatoka punda mwenye mimba. Kianikio cha Bi Zabibu nikakifunika turubai, kisitutie aibu.

Wageni walipiga makofi matatu, ya adabu.

Bi Zabibu akanivuta pembeni, akanivisha kaptura ya kubana na soksi za magotini, kama wanaume wa magazetini mwake. Mudiri akauliza suruali nimeipoteza wapi. Bibi akasimamisha pipa la taka badala ya vijiti vya kriketi, wageni wacheze, akagawa soseji ndani ya kipande cha mkate, na keki za mraba zilizochovywa chokoleti na kugaragazwa kwenye nazi. Kisha akavuta turubai.

Wallahi, zilipigwa kelele! Babu mmoja alikidandia kianikio kama walivyokuwa wakifanya utotoni uani kwao, wenzake wakamzungusha, wengine wakacheka hadi wakalia. Mkono mmoja wa chuma umepinda hadi leo.

Cheti cha mfanyakazi bora nilipewa mie. Bi Zabibu alinipigia makofi, akaninong'oneza: "Mwanangu, aliyeishi Australia anakifunika kile? Niletee vibanio vipya vya nguo, khalas, yamekwisha." Nikaleta. Hakumwambia mtu.

Bi Zabibu, shikamoo. Huko Unguja unakorudi, tunakuombea jua la kutosha, shuka zisizo mchanga na mapumziko marefu. Cheti kimo sandukuni mwako, chini ya vibanio. Jina langu nimelifuta, nimeandika lako.

Bwana Yaqoob, ndoo ya kuoshea magari najua ilipo. Australia sijapata kufika.