Mikono Misafi ya Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, punguzeni moto jikoni, tumkumbuke mtu. Mama Pindo ametutoka. Mama Pindo, fundi cherehani wa pale kona ya duka la vioo, ametutoka Jumanne, usingizini.

Jina hilo lilitokana na usemi wake. "Kazi ni pindo, mwanangu. Mengine mbwembwe." Suruali yangu ya kwanza ya kazi aliipiga pindo yeye, huku akiicheka miguu yangu mifupi.

Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Ya umeme hakuitaka hata bure. Lakini umri nao una yake. Gegedu ya goti, ule mfupa laini, ikalika, goti likavimba, kukanyaga kukawa mateso. Vidonge vya maumivu vikamchoma tumbo, daktari akavipiga marufuku. Binti yake akaona basi, duka lifungwe. "Mama alinijia juu," anasema binti. "Eti, nikae nyumbani nihesabu nzi?"

Mfamasia akampa dawa ya kupaka, jeli ya kutuliza maumivu na uvimbe. Hakumdanganya. "Mama, hii hairudishi goti la usichana. Itakupunguzia maumivu. Paka, sugua taratibu, kisha nawa mikono."

Kunawa! Mama Pindo na haraka zake akajifutia kanga, akashika gauni la harusi. Satini nyeupe, jamani. Alama za vidole vyote zikabaki kifuani pa gauni. Ikabidi akate kipande kingine, bibi harusi yuko mlangoni analia.

Hapo mumewe, fundi vigae mstaafu, akatoa amri: "Wewe shika nguo. Goti niachie mimi."

Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, mzee alipiga magoti sakafuni akampaka mkewe dawa. Nimewasikia kwa masikio yangu.

"Unanipaka au unanisakafia?"

"Tulia, mama, bado haijakauka!"

Miaka ikapita hivyo. Maumivu hayakuisha, lakini yalivumilika, na cherehani iliendelea kulia. Naukumbuka mlio ule, na leo kona ile imenyamaza.

Juzi nilikwenda kutoa pole. Nilimkuta mzee kwenye kiti cha mkewe, suruali ameikunja, tyubu ya dawa mkononi. Magoti yake yote mawili yamevimba. Magoti ya mtu aliyetandika vigae maisha yake yote.

Binti akashtuka. "Baba! Tangu lini?"

"Zamani. Ningesema, mama yako angekubali nimpigie magoti?"

Binti akachukua dawa, akapiga magoti, akaanza kumpaka baba yake. Mzee akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Ukimaliza, nawa mikono. Mama yako ameacha nguo za watu mezani."

Mzee wetu, na wewe binti, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, yule anayekuinamia kila siku hapo nyumbani, hebu muulize leo: na wewe, goti lako vipi?